Pikapu ya Magurudumu Manne na Chumvi ya Delta

Katika Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, barabara iachayo lami karibu na Bungu na kuelekea baharini huishia Nyamisati, ukingoni mwa delta ya Mto Rufiji. Kutoka hapo msafiri hana budi kupanda chombo cha majini, ama kwenda Mafia, ama kuingia katika vijito vipenyavyo kati ya mikoko. Msitu huo wa mikoko una hekta zipatazo 53,000, na ndio mkubwa kupita yote katika Afrika Mashariki. Samaki, kamba na kaa hufanya safari ya kinyume: hushushwa ufukoni, hufunikwa kwa barafu, na sharti wafike Kibiti au Dar es Salaam kabla barafu haijayeyuka. Kati ya ufuko na lami uko mchanga, na palipo na mabonde uko udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao wakati wa masika huwa utelezi mtupu. Mchuuzi ambaye gari lake limekwama usiku kucha hupoteza mzigo, fedha za barafu na imani ya wateja wake kwa pamoja.

Haishangazi basi kwamba mchuuzi wa namna hiyo, akiisha kukusanya fedha za kununulia pikapu iliyokwisha kutumika, huuliza kwanza kama gari hilo huendeshwa kwa magurudumu yote manne. Swali hilo ni la haki. Lakini ikiwa pikapu yenyewe imetokana na gari dogo la abiria, liko swali jingine linalopasa kutangulia, nalo ni la kutu. Ajabu ni kwamba maswali hayo mawili yana uhusiano wa karibu: gari linalojibu la kwanza vizuri ndilo aghalabu hujibu la pili vibaya.

Pikapu ya asili ya gari dogo ni wazo la zamani. Mwaka 1934 kiwanda cha Ford cha Australia kilitoa gari la namna hiyo lililosanifiwa na kijana Lewis Bandt. Husimuliwa kwamba lilitokana na barua ya mke wa mkulima, aliyetaka gari moja la kumpeleka kanisani Jumapili na kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Katika Afrika Mashariki jina lililovuma ni Peugeot. Gari la 404 lilijipatia sifa katika mashindano ya Safari, ambamo Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania, alishinda mwaka 1966 na tena 1967. Pikapu za 404, na baadaye za 504, zikabeba karibu kila kitu kibebwacho katika nchi hizi. Hata hivyo, pikapu hizo zilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Ni mwanzoni mwa miaka ya 1980 ndipo kampuni ya Dangel, huko Alsace nchini Ufaransa, ilipoanza kuzigeuza baadhi ya 504 ziendeshwe kwa magurudumu yote manne.

Kwa upande wa Japani, Subaru ilianza kuuza gari la Leone lenye nguvu katika magurudumu manne mwaka 1972, na kutoka katika ukoo huo ikazaliwa pikapu ndogo mwaka 1977. Marekani iliitwa BRAT, Australia Brumby, na Uingereza MV. Huko Marekani ilifungiwa viti viwili vya plastiki katika karai la nyuma, abiria wakitazama walikotoka, ili ihesabiwe kuwa gari la abiria na kuepa ushuru wa asilimia 25 uliotozwa malori madogo tangu mwaka 1964. Wanasheria nao wana mchango wao katika uhandisi.

Ili kuelewa tofauti ya pikapu hizi na zile kubwa kama Hilux au Land Cruiser, yatosha kuwatazama viumbe wawili wa delta yenyewe. Samaki ana uti wa mgongo. Nyama yote hushikwa na mfupa huo. Kaa hana mfupa ndani; gamba lake ndilo mifupa yake. Pikapu kubwa ni kama samaki: ina chasisi ya vyuma viwili virefu vilivyounganishwa kama ngazi, na bodi imewekwa juu yake tu. Bodi ikioza, gari bado hubeba. Gari dogo la abiria ni kama kaa: sakafu, vizingiti vya chini ya milango, nguzo na paa vimekunjwa kwa bati na kuchomelewa pamoja, na uzito wote hupitia humo. Bati hilo aghalabu halifiki unene wa milimita 1, ambapo chuma cha chasisi huwa na milimita 2 au zaidi. Faida yake ni wepesi, na wepesi ni fadhila kubwa juu ya tope na mchanga. Hasara yake ni kwamba gamba likitoboka, hakuna mfupa mwingine wa kushika.

Sasa kuhusu nguvu ya magurudumu manne. Tairi haliwezi kusukuma ardhi kwa nguvu iliyo kubwa kuliko sehemu fulani ya uzito lililoubeba. Sehemu hiyo hutegemea msuguano. Juu ya lami kavu ni kubwa. Juu ya mfinyanzi ulioloa ni ndogo sana. Chukua pikapu tupu yenye uzito wa kilo 1,000, kilo 600 zikiwa mbele na 400 nyuma, na tuseme tope huruhusu sehemu moja ya tano tu. Magurudumu ya mbele peke yake yataweza kuvuta kwa nguvu ya kilo 120. Tope nalo huzuia. Tuseme huzuia kwa asilimia 12 ya uzito wote, yaani kilo 120. Gari tupu litajikokota kwa shida. Sasa litiwe kilo 350 za samaki na barafu, nyingi zikiwa nyuma ya ekseli ya nyuma kiasi cha kuinua pua ya gari kidogo. Uzito wote ni kilo 1,350, kizuizi cha tope ni kilo 162, na mbele zimebaki kilo 570, ambazo huvuta 114 tu. Gari limekwama. Lakini kama magurudumu yote manne yanasukuma, uzito wote wa kilo 1,350 hutumika, nguvu huwa kilo 270, na baada ya kulishinda tope hubaki 108 za kupandia mwinuko. Tarakimu hizi ni za mfano, kwani tope hubadilika hatua kwa hatua. Lakini zaonyesha kwa nini gari linaloendeshwa kwa magurudumu ya mbele huwa dhaifu zaidi pale hasa linapojazwa mzigo.

Yafaa kusema pia nguvu hiyo isichokitoa. Haiinui tumbo la gari: pikapu ya chini itakaa juu ya tuta la katikati ya barabara, magurudumu yote manne yakizunguka hewani kwa pamoja. Haisaidii kusimama, kwa kuwa kila gari hufunga breki kwa magurudumu manne. Dereva aliyezoea kuondoka kwa wepesi katika utelezi husahau kwamba kusimama hakukubadilika, na wengi hukumbuka wakiwa mtaroni.

Tena, magurudumu manne hayavuti kwa namna moja katika magari yote, na hapa muuzaji husema neno moja huku mnunuzi akielewa jingine. Gari linapokata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na ya nje njia ndefu kuliko ya ndani. Katika ekseli moja tofauti hiyo humezwa na difu. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma pia inahitajika njia ya kuimeza. Katika Leone na pikapu yake ya kwanza haikuwapo. Dereva alivuta wenzo na ekseli mbili zikafungwa pamoja kana kwamba ni mti mmoja. Katika tope au mchanga hakuna dhara, kwa kuwa tairi huteleza kidogo na tofauti hupotea. Juu ya lami tairi halitelezi, basi vyuma vya ndani hujisokota kama kamba inayopotolewa ncha mbili, hadi tairi liruke au jino la gia livunjike.

Jambo hili lawahusu watu wa Kibiti kuliko wengi, kwa sababu gari moja katika safari moja hupita tope la Nyamisati na lami ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam au, kwa kuvuka Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, kusini kuelekea Lindi. Dereva akisahau kurudisha wenzo, hata barabara iliyonyooka haimwokoi ikiwa matairi hayalingani. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 60 huzunguka mara 530 hivi kwa kilomita moja. Lililochakaa hata kufikia sentimita 59 huzunguka mara 539. Tofauti ya mizunguko tisa yaonekana ndogo, lakini katika kilomita 130 huzidi 1,000, na yote hiyo yapaswa kumezwa na vyuma visivyo na pa kuimeza. Kwa hiyo mnunuzi akikuta pikapu ya namna hii ina matairi mapya mbele na vipara nyuma, asidhani ameona uzembe mdogo tu. Ameona dalili ya namna gia zilivyotendewa.

Namna ya pili ni ya magari ya baadaye, kama Toyota Probox lililoanza kuuzwa mwaka 2002 na ambalo baadhi ya matoleo yake yana nguvu ya magurudumu manne. Humo kati ya mbele na nyuma mna kopo lililojaa sahani nyembamba za chuma na mafuta mazito ya silikoni. Mbele na nyuma zikienda mwendo sawa, kopo halifanyi kazi. Mbele zikianza kuteleza, sahani huyakata mafuta, mafuta hukataa, na ukatazi huo ndio unaoburura ekseli ya nyuma. Hakuna wenzo wala la kusahau. Lakini mafuta hayo huzeeka, na kopo lililozeeka ama halishiki kabisa ama hushika daima. Kulijua si kazi ngumu. Gari lizungushwe polepole juu ya lami, usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho: likijivuta na kushtuka kana kwamba breki imeshika, kopo limeganda. Kisha lipelekwe penye mchanga mlaini, mtu mmoja asimame kando na kuangalia: ya mbele yakizunguka na ya nyuma yakikaa tu, mnunuzi yuko mbele ya gari la kawaida lenye bei isiyo ya kawaida.

Kati ya magari yaliyotajwa, mnunuzi wa Kibiti atayapata yapi? Pikapu ya Subaru haikuuzwa rasmi Japani kwenyewe, na kwa kuwa magari mengi yaliyotumika huja Tanzania kutoka Japani, haimo katika mkondo huo. Peugeot 504 zilizosalia ni wazee wanaostahili heshima kuliko kazi. Nissan B120, pikapu ndogo ipendwayo, husukumwa na magurudumu ya nyuma tu. Hivyo mnunuzi hujikuta kati ya gari la mizigo lenye paa, kama Probox au Nissan AD, ambalo ni la ukoo wa gari dogo ingawa halina karai la wazi, na kile kigari cha Suzuki Carry kijulikanacho nchini kote kwa jina la kirikuu, ambacho baadhi yake kina wenzo wa magurudumu manne. Kirikuu hakikutokana na gari la abiria, lakini bati lake ni jembamba vilevile, na kwa sheria za Japani kimekadiriwa kubeba kilo 350, kiwango ambacho barabarani Tanzania hakijulikani hata kwa kusikia.

Na hapa ndipo maswali mawili yanapokutana. Nani huko Japani hununua kigari cha mizigo chenye nguvu ya magurudumu manne, akilipa zaidi na kuchoma petroli zaidi? Aghalabu ni mkazi wa kaskazini, Hokkaido na Tohoku, na wa pwani inayotazama bara la Asia, ambako theluji hulala barabarani miezi kadhaa. Barabara hizo hunyunyiziwa chumvi ili barafu iyeyuke. Maji ya chumvi hurushwa na matairi hadi ndani ya vizingiti, juu ya tangi la mafuta, na katika pembe ambazo bati mbili zimelaliana. Kwa hiyo pikapu yenye sifa anayoitaka mchuuzi wa Nyamisati ina uwezekano mkubwa kuliko nyingine kuwa imekwisha kunyweshwa chumvi miaka kumi kabla ya kupanda meli.

Kutu ni kazi ya umeme mdogo. Chuma kilicholoa hutoa elektroni mahali pamoja, na oksijeni iliyoyeyuka majini huzipokea mahali pengine. Chuma kilichopoteza elektroni huungana na oksijeni na maji na kuwa kutu. Maji safi hupitisha umeme kwa shida, hivyo kazi huenda polepole. Maji ya chumvi hupitisha vizuri, na zaidi ya hayo kloridi hupenya utando mwembamba ambao ungekilinda chuma. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ndiyo maana bati mbili zilizochomelewa pamoja hufura na kuachana kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa bado nzuri. Gari kama hilo likipelekwa kubeba samaki, maji ya barafu yenye chumvi yakidondoka sakafuni usiku na mchana, katika joto la pwani linaloharakisha kazi hiyo, gamba la kaa haliwezi kudumu.

Mnunuzi anayeagiza kutoka Japani ana chombo kimoja ambacho wengi hawakisomi, nacho ni karatasi ya mnada. Mkaguzi huchora gari na kuweka herufi penye kasoro. A ni mkwaruzo na U ni bonde, ambayo hayana uzito kwa mtu wa delta. S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula. Gari lenye A kumi na S hakuna ni bora kuliko lililong'aa lenye C moja chini ya mlango. Madalali aghalabu humwonyesha mteja picha na kumficha karatasi, au kumtajia alama ya jumla tu. Karatasi na idaiwe. Ushuru pia uhesabiwe mapema, kwani magari makuukuu hutozwa zaidi, na Mamlaka ya Mapato ina kikokotoo cha kila mtu kutumia.

Kwa gari lililokwisha kufika nchini, kitu bora ni kulala chini yake. Bisibisi butu igongwe kwa mpini wake katika urefu wote wa vizingiti, pale springi zinaposhikwa, na kuzunguka mashimo ya kutolea maji: bati zima hulia, lililoliwa hunyamaza au huzama. Sumaku ndogo ipitishwe juu ya rangi. Isiposhika, chini yake hakuna bati bali udongo wa kuzibia. Kisha lifanyike jaribio ambalo wauzaji hawalipendi. Watu watano wapande nyuma, na milango ya mbele ifunguliwe na kufungwa. Katika gari la chasisi jaribio hilo halisemi mengi. Katika gari lenye kutegemea bodi, mlango ukikwama au pengo lake likibadilika, vizingiti havishiki tena, na hakuna fundi wa kuchomelea atakayevirudisha kwa bei inayolingana na gari lenyewe.

Mafuta ya difu hayana budi kutazamwa pia. Difu lililotembea kutoka Kibiti hadi bonde lililofurika huwa la moto. Likiingia ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa, na msukumo wa chini unaotokea hunyonya maji kupitia tundu la kupumulia au mihuri ya raba iliyochoka. Maji yakichanganyika na mafuta huyafanya meupe kama tui. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na makazi mengi ya Rufiji na Kibiti, yanampa mnunuzi wa wilaya hizi sababu ya kufungua kizibo hicho kabla ya kufungua mkoba. Gari lililozama huoshwa likang'aa, lakini tope jembamba hubaki ndani ya taa, nyuma ya mikanda ya viti ikivutwa hadi mwisho, na chini ya zulia.

Pikapu ikiwa imepita yote hayo, kazi ya kuihifadhi ni nyepesi kuliko watu wadhanivyo. Samaki wawekwe katika masanduku yenye bomba la kutolea maji nje ya karai, yasimwagike juu ya bati. Mashimo madogo ya chini ya vizingiti yazibuliwe kwa waya kila mwezi, kwa kuwa mchanga wa Kibiti huyaziba na kugeuza kizingiti kuwa mtungi. Na kila safari ya Nyamisati inapokwisha, ndoo kadhaa za maji ya kisima zimiminwe chini ya gari na ndani ya karai, maji yasiyo na chumvi, jioni ileile.